Kitabu Gani cha Kujifunzia Kuchokonoa Kufuli? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwani kuchokonoa kufuli kunajifunzwa kwa kitabu?

Kunajifunzwa, mradi kitabu na kufuli viwe mezani pamoja. Ufundi huu uko vidoleni, na hakuna kitabu kinachotoa vidole. Kinachotoa ni picha ya kilichomo ndani ya silinda, ile sehemu ya kufuli inayoingia ufunguo, mahali ambapo macho hayafiki. Ukiwa na picha hiyo kichwani, mtikisiko mdogo unaokujia kupitia kulabu, kile chuma chembamba cha kusukumia pini, unakuwa na maana. Usipokuwa nayo utachokonoa saa nzima, kufuli itafunguka kwa bahati, na ukiifunga tena haifunguki ng'o.

Ndiyo maana sisi hupima kitabu kwa jambo moja kabla ya mengine: je, kinaeleza mkono utahisi nini, na kwa nini unahisi hivyo?

Nikikishika dukani, au nikipewa kurasa chache za kuonja kwenye skrini, niangalie wapi?

Tafuta ukurasa unaoeleza kwa nini pini hukaa moja moja badala ya kukaa zote kwa mpigo. Maelezo sahihi yako hivi. Matundu ya pini kwenye kiini, sehemu inayozunguka pamoja na ufunguo, hayakutobolewa kwenye mstari mnyoofu kabisa. Kila tundu lina pini mbili: ya ufunguo, inayogusa ufunguo, na ya springi, inayosukumwa na springi. Yanapishana kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Ukikigeuza kiini kidogo kwa kikaza, yaani chuma cha kugeuzia kiini, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Ukiisukuma mpaka pale kiini na ganda la silinda vinapokutana, kiini husogea upana wa unywele, pini ya springi inakalia ukingo na hairudi tena, kisha zamu ya kubanwa inahamia kwa pini nyingine. Kitabu kinachosema tu "sukuma pini hadi usikie mlio" kirudishe rafuni, hata kama jalada lake linang'aa.

Halafu tazama michoro. Vitabu vingi huchora silinda iliyokatwa kwa ubavu tu: safu ya pini tano, springi juu, ufunguo chini. Mchoro huo unaonyesha urefu wa pini lakini hauwezi kuonyesha kubanwa, kwa sababu kubanwa hutokea kwa upande, kiini kinapozunguka. Kitabu kizuri kina mchoro wa pili, uliochorwa kana kwamba unachungulia tundu la ufunguo kutoka mbele, ukionyesha pini imeshikwa kati ya kiini na ganda kama kidole kilichobanwa na mlango. Usipouona mchoro wa namna hiyo, kitilie shaka kitabu hicho.

Jambo la tatu ni vipimo. Mwandishi anayejua kazi atakwambia unene wa vifaa kwa namba. Asiyejua ataandika "chuma chembamba".

Nataka kununua kimoja tu kwa kuanzia. Kipi?

*Practical Lock Picking* cha Deviant Ollam, na ukipata toleo la pili la 2012 chukua hilo badala ya la 2010. Nguvu yake ni michoro: kila hatua ya pini kubanwa, kupanda na kukaa imechorwa, na mtu asiyekimudu Kiingereza vizuri bado ataifuata. Udhaifu wake ni kwamba kiliandikwa kwa watu wanaolipwa kujaribu ulinzi wa majengo, kwa hiyo kina njia za mkato ambazo mwanafunzi hazihitaji. Njia ya mkato inafungua kufuli bila kukufundisha chochote kuhusu pini. Soma kwanza sehemu ya muundo wa kufuli na ya kuchokonoa pini moja moja. Hayo mengine yatakungoja.

Ule mwongozo wa bure unaoitwa wa MIT bado una faida?

Una faida, ukijua ulipoishia. Uliandikwa mwaka 1991 na mtu aliyejiita Ted the Tool. Ingawa jina la MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, liko kwenye kichwa chake, si chapisho rasmi la chuo. Maelezo yake ya kwa nini kufuli huchokonoleka bado ni miongoni mwa mafupi na safi zaidi yaliyowahi kuandikwa, na una mazoezi ya kweli: kudhibiti shinikizo la kulabu, kudhibiti nguvu ya kugeuza, na kuzitambua pini zilizokwisha kaa.

Tatizo ni kwamba umeegemea sana kukwaruza, yaani kupitisha kifaa mbele na nyuma juu ya pini zote huku ukigeuza kiini. Mbinu hiyo inafungua kufuli rahisi haraka, na hapo ndipo inapomharibu mwanafunzi. Baada ya wiki mbili anafungua kufuli sita na hajui hata moja ilifungukaje. Halafu pini za usalama, zilizochongwa ili zimdanganye anayechokonoa, ambazo siku hizi zimo hata kwenye kufuli za kawaida, mwongozo unazigusa kwa kifupi mno. Usome sura za mwanzo, fanya mazoezi yake, kisha uhamie kitabu kinachofundisha pini moja moja. Na hakikisha nakala yako ina michoro yote, maana bila michoro maandishi yake ni fumbo.

Vitabu vya zamani vimepitwa na wakati?

Inategemea unatafuta nini humo. Kufuli ya pini tunayoitumia leo inatokana na hataza za Linus Yale Mdogo za miaka ya 1860, na kanuni yake haijabadilika. Sura inayoeleza kanuni hiyo haizeeki. Kinachozeeka ni orodha za vifaa, majina ya modeli na chochote kinachohusu umeme.

Ukipenda historia, kuna kitabu cha 1853 kilichotokana na maandishi ya Mmarekani Alfred Charles Hobbs na kuhaririwa na Charles Tomlinson. Hobbs ndiye aliyekwenda London kwenye Maonyesho Makuu ya 1851 akaifungua kufuli ya Chubb iliyosifiwa kuwa haifunguki, kisha akaikabili ya Joseph Bramah iliyokaa miaka mingi dirishani mwa duka pamoja na zawadi ya gini 200, sarafu ya zamani ya Uingereza. Hiyo ya pili ilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanywa katika siku 16. Hutajifunza kufungua silinda ya pini humo, lakini utakuta hoja ambayo watu bado wanabishania: je, ni vibaya kuandika udhaifu wa kufuli? Jibu la kitabu hicho ni kwamba wezi wanaujua tayari, na anayefichwa ni mwenye mlango. Sehemu ya kufuli za leva, zenye vibapa vinavyoinuliwa na ufunguo badala ya pini, ingali na uzito wake.

Na yale majuzuu makubwa ya bei kali?

*Locks, Safes and Security* cha Marc Weber Tobias, ambacho toleo lake la pili la 2000 lina juzuu mbili na zaidi ya kurasa elfu moja, na *High-Security Mechanical Locks* cha Graham Pulford cha 2007, ni vitabu vya rejea. Cha Pulford hasa ni hazina kwa anayetaka kuona matumbo ya kufuli za daraja la juu. Lakini havikufundishi kushika kulabu. Anayeanza akinunua juzuu hizo amenunua kamusi ili ajifunze kuongea.

Kitabu kimeandikwa na Mmarekani na kufuli zangu ni za aina ya Ulaya. Je, kitanifaa?

Kanuni ni ileile, ila rekebisha mambo mawili.

La kwanza ni mwelekeo. Kwenye michoro ya Kimarekani springi ziko juu na pini zinaning'inia. Silinda ya Ulaya yenye umbo la tundu la ufunguo la kuchora hukaa mlangoni springi zikiwa chini, kwa hiyo pale kitabu kinaposema "inua" wewe unashusha. Unapofanya mazoezi mezani, ibane kwenye jiliwa kwa mwelekeo wa mchoro hadi uzoee, kisha uigeuze.

La pili ni upana wa njia ya ufunguo. Njia nyingi za Kimarekani ni pana na zimenyooka, na kulabu ya unene wa milimita 0.6 hupita bila shida. Nyingi za Ulaya ni nyembamba na zimepinda kama mto, kwa hiyo utahitaji milimita 0.4 hadi 0.5. Ukiingiza kulabu nene kwenye njia nyembamba itasugua kuta zake, na msuguano huo utakudanganya kwamba ni pini iliyobanwa. Wanafunzi wengi hulaumu kitabu hapa na kosa ni la chuma.

Istilahi zinanichanganya: kitabu kimoja kinasema chuma cha kukaza, kingine chuma cha kugeuza.

Ni kitu kimoja, kile tunachokiita kikaza. Jina la zamani limesababisha madhara, kwani linamfanya msomaji akaze kweli. Waandishi wa karibuni hupendelea jina la pili kwa kuwa kazi ya chuma hicho ni kugeuza kiini taratibu.

Tazama pia kitabu kinasema kikaza kiwekwe wapi. Kuweka mwanzoni mwa njia ya ufunguo upande wa pini, au upande wa pili wake, kunabadilisha kila kitu: upande wa pini hukuachia nafasi kubwa ya kulabu, lakini kikaza lazima kiwe bapa, kikae imara na kisiguse pini ya kwanza. Kitabu kisichotaja nafasi zote mbili kimeandikwa na mtu aliyeacha kujifunza mapema.

Je, kitabu kinachofundisha kujitengenezea vifaa ni bora?

Ni nyongeza nzuri. Msumeno wa chuma wa mkono una blade yenye unene wa karibu milimita 0.6, na ile mistari ya chuma iliyomo ndani ya mpira wa waipa za gari hutoa vikaza vizuri sana. Kinachoharibika ni ugumu wa chuma. Ukiinoa blade kwenye mashine bila kuichovya majini kila sekunde chache, inapata moto, inageuka rangi ya buluu, na hapo imekwisha kulainika. Siku ya pili itapinda ndani ya kufuli. Maliza kwa msasa namba 400 kisha 1000, hadi kingo zisikwaruze ukucha. Kitabu kinachotoa ramani za kulabu kwa ukubwa halisi kichapwe bila kupunguzwa. Pima mstari wa kipimo ulioko ukurasani kwa rula kabla hujakata chochote.

Kwa kuanzia unahitaji vitu vinne tu: kulabu fupi moja, kulabu ya urefu wa kati moja, na vikaza viwili vya unene tofauti. Seti ya vipande 32 ni mapambo.

Kitabu kinaniambia nifungue silinda nitoe pini. Ni lazima?

Si lazima, lakini zoezi hili peke yake linakupa kuliko sura tatu za kusoma. Kufuli yenye pini tano haikuambii nani kasema nini, ilhali yenye pini moja haina pa kujificha.

Chukua silinda iliyo na ufunguo wake. Ishike springi zikiwa juu. Ondoa ringi ndogo inayozuia kiini kisichomoke, ukiifunika kwa kidole gumba maana huruka. Ingiza ufunguo na ugeuze kiini kidogo, karibu nyuzi 30, ili matundu ya kiini yasitazamane tena na ya ganda. Sasa sukuma kiini kitoke kwa kijiti cha mviringo chenye kipenyo sawa na kiini. Kwa silinda nyingi ni karibu milimita 13, lakini pima. Mti wa kawaida uliosuguliwa laini unatosha. Kijiti na kiini vigusane muda wote. Ukiacha pengo hata dogo, pini ya springi inadondokea katikati na kazi yote inakwama, au springi zote tano zinaruka na unabaki kupapasa chini ya meza.

Pini zipange kwenye trei kwa mfuatano wake, 1 hadi 5. Unapopunguza, toa pini ya ufunguo pamoja na pini ya springi na springi yake. Ukitoa ya ufunguo peke yake, ile ya springi itaporomoka ndani ya kiini na hata ufunguo halali hautageuza kitu.

Anza na pini moja, kisha mbili, kisha tatu. Usiongeze hadi uifungue mara kumi mfululizo ukijua ni pini ipi imekaa lini. Kwenye pini tatu, andika mfuatano wa kubanwa, kwa mfano 2, 1, 3. Mfuatano ukibadilika kila mara, mara nyingi unakaza kwa nguvu zisizolingana.

Vitabu vyote vinasema "tumia nguvu kidogo". Kidogo kiasi gani?

Hakuna namba inayofaa kufuli zote, na kitabu kinachokupa moja kinabahatisha. Kipimo kinachosaidia ni hiki: kidole kinachobonyeza kitufe cha kibodi bila kukizamisha. Kama ncha ya kidole inabadilika rangi na kuwa nyeupe, umezidisha. Kama kikaza kimepinda, umezidisha zaidi ya hapo.

Njia ya kujipima: kaza, gusa pini zote moja moja kwa kulabu bila kuzisukuma. Inayotakiwa ni moja ngumu na nyingine zinazocheza kwenye springi zake. Zikiwa ngumu tatu au nne kwa pamoja, legeza. Zikicheza zote, ongeza kidogo.

Nimefika sura ya pini za usalama na sisongi mbele.

Karibu kwenye klabu. Hapa ndipo kitabu kizuri kinapojitenga na kibovu, kwa hiyo rudi dukani, kwa maana ya mfano, na usome sura hii kwanza kabla ya kununua kitabu kinachofuata.

Pini yenye kiuno ni nene kwenye ncha zake na nyembamba katikati. Unapoisukuma, kiini kinazunguka ghafla nyuzi kadhaa, unafurahi, kisha kinasimama. Huko ndiko kukaa kwa uongo: ukingo wa kiini umeingia kwenye kiuno cha pini. Sasa gusa kila pini kwa upole. Ile ambayo ukiisukuma unahisi kikaza kinasukumwa kinyume na kidole chako ndiyo yenyewe. Usishindane nayo. Legeza kikaza kwa kiasi ambacho kiini kinarudi nyuma chenyewe huku unaendelea kusukuma pini, hadi kiuno kipite na pini ikae. Wakati kiini kinarudi, pini moja au mbili zilizokwisha kaa zitadondoka. Ni kawaida; zikalishe upya.

Makosa ni mawili. Mkono mzito haumwachii kiini nafasi ya kurudi, na pini haisogei. Mkono mwepesi kupita kiasi unaangusha kila kitu. Kitabu kinachokueleza kurudi huko kwa kiini, kwa mchoro na kwa maneno, kina thamani ya bei yake hata kama sura nyingine ni dhaifu. Pini zenye mikato midogo kama ngazi zina tabia nyingine: zinatoa milio midogo mingi, kila mmoja ukijifanya wa mwisho.

Na ukiona pini moja imezama kabisa haichezi, kiini hakisogei, huenda umepitiliza: pini ya ufunguo nayo imevuka mpaka. Legeza kikaza polepole na usikilize, au achia yote uanze upya.

Mbona kufuli mbili zenye pini sawa, moja ni rahisi na nyingine inanitoa jasho?

Tazama meno ya funguo zake. Pini fupi ikiwa imejificha nyuma ya pini ndefu, kulabu lazima ipite chini ya ile ndefu bila kuisukuma na kisha ipande juu kuifikia fupi. Hapo kulabu fupi haitoshi. Vitabu vingi hupita jambo hili kwa sentensi moja. Kwa mazoezi ya mwanzo chagua kufuli ambayo meno ya ufunguo wake hayapishani sana kimo.

Kuna kitabu cha kufuli za leva, za diski (zenye visahani vinavyozungushwa na ufunguo) au za vishimo (ambazo ufunguo wake una vishimo badala ya meno)?

Vitabu vya kuanzia huzipa kurasa chache tu, na ni sawa. Zile za diski, zilizobuniwa Ufini na Emil Henriksson mwaka 1907, hazina springi kabisa na zinataka kifaa chake maalumu. Za leva zinataka waya mbili na subira. Maliza pini kwanza.

Na vitabu vinavyojaza sura za bastola za kuchokonolea na funguo za kugonga?

Hivyo ni vifaa vinavyorusha pini zote kwa pigo moja, na kwa mwanafunzi ni kurasa zilizopotea. Kugonga huchakaza pini na kiini, na mkono haujifunzi chochote.

Video si bora kuliko kitabu?

Video inaonyesha mkono wa mtu mwingine kwa dakika mbili. Huwezi kuona anachohisi, na pale anaposema "namba tatu inabana" lazima umwamini. Itumie kuona namna ya kushika kulabu na kuweka kikaza, mambo ambayo kweli ni magumu kuandika. Kwa yaliyobaki, kitabu kinakaa wazi mezani ukiwa umeshika vitu kwa mikono miwili. Hiyo nayo ni sababu ya kuchagua cha karatasi, chenye jalada linalolala bapa.

Kununua kitabu cha namna hii au vifaa vyake ni kosa la jinai?

Sheria zinatofautiana sana. Kwingi kinachoangaliwa ni nia, na kwingine kubeba vifaa tu kunatosha kukuletea matatizo. Japani, kwa mfano, ina sheria ya 2003 inayokataza kumiliki vifaa maalumu vya kufungulia kufuli bila sababu halali. Soma sheria ya ulipo kabla ya kuagiza.

Wanaochokonoa kufuli kama mchezo wana kanuni mbili, na kitabu chochote cha heshima kinazitaja kurasa za mwanzo. Usichokonoe kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, na usichokonoe kufuli inayotumika, hata kama ni ya mlango wako. Ya pili inawashangaza wengi. Sababu yake ni ya kifundi: kulabu ikivunjikia ndani, au kiini kikizunguka na pini za springi zikaingia chini ya njia ya ufunguo, unabaki nje ya nyumba yako usiku.

Ninunue kitabu cha pili lini?

Ukishaweza kuifungua silinda ya pini tano, mbili kati yake zikiwa na kiuno, ukaifunga, na ukaandika kwenye karatasi mfuatano wake bila kuitenganisha. Kisha uitenganishe na uone kama uliandika sawa.